Sukkar au Sakkir

Jirani yangu wa ghorofa ya kwanza hakuwa mtu wa kufunga mlango. Sisemi alisahau. Hakufunga tu, mchana wala usiku, akiwemo au akiwa ametoka, katika jengo la Greyville ambamo sisi wengine wote tulikuwa na geti la chuma, kufuli, na mnyororo juu yake. Yeye amekwisha fariki, na chumba kile sasa anakaa fundi simu Mrundi na mke wake, nao wametia geti kama watu wote wenye akili zao. Lakini mimi nikipanda ngazi na ndoo yangu ya taulo chafu, nikifika pale bado napunguza mwendo ili nimsalimie, kabla sijakumbuka.

Wezi walimjua vizuri. Walianza na televisheni, wakafuata birika la umeme, kisha suruali mbili ambazo, alivyosema mwenyewe, zilikuwa hazimtoshi. Msimamizi wa jengo, Mzulu mmoja mpole, alipanda kila mara kumgombeza: "Eish, mkhulu, babu yangu, funga basi hata ukilala!" Jirani alimshukuru, akampa kahawa, na mlango ukabaki vilevile. Mwishowe wezi walichoka wenyewe kwa sababu hakukuwa na cha kuiba.

Alikuwa Mpalestina, na Kiswahili alikijulia Lubumbashi, katika duka la Mlebanoni aliyemwajiri akiwa kijana. Alikisema kama Mkatanga kabisa, na wateja wangu waliomsikia kwa mara ya kwanza waligeuza vichwa hadi nywele zikanitoka mkononi. Mimi ni msusi. Saluni yangu iko chini ya jengo, inatazamana na uwanja wa mbio za farasi, na yeye alikuwa na kiti chake pale mlangoni ambacho hakuna mteja aliyethubutu kukikalia. Mbele ya watu nilimwita Papa, kama tunavyowaita wazee kwetu Uvira. Nikiwa na hasira naye, na nilikuwa nayo mara nyingi, nilimwita Jirani, kwa sababu hata mlango wa saluni yangu alikuwa ameutilia tofali usijifunge, na upepo wote wa Durban ukaingia humo na vumbi lake.

Sababu nilikuja kuijua mwaka 2008, wiki ile vijana walipoanza kuwapiga wageni mjini. Mchana mmoja zilikuja habari kwamba kundi linateremka barabara ya kwetu. Niliondoa lile tofali na kuvuta chini mlango wa bati. Ndani tulikuwa mimi, binti yangu Solange, wateja wawili na Jirani. Aliruka kutoka kwenye kiti akashika bati kwa mikono yote miwili.

"Mama Solange, usifunge!"

"Papa, banakuja kule! Unataka batuue?"

"Acha hata fasi ya mukono. Fasi ya mukono tu, mama."

Nilimsukuma. Nasema kweli, nilimsukuma mzee wa watu, nikafunga. Aliketi sakafuni katikati ya nywele zilizokatwa, akawa anahema kama aliyekimbia. Kundi lile lilipita mtaa mwingine, tukasikia vioo vikivunjika mbali. Tulikaa humo gizani mchana kweupe, na humo ndimo alimotusimulia, kwa sauti ya chini, bila kuulizwa.

Ilikuwa mwaka 1948, naye alikuwa na miaka sita. Askari waliingia kijijini kwao kutoka upande wa juu, wakifyatua risasi, na watu wakaondoka na walichoshika, wakidhani ni kwa siku chache. Baba yake alikuwa ametangulia na mbuzi. Mama yake alikuwa na mtoto mchanga kifuani na furushi kichwani, na dada yake mkubwa alikuwa amebeba matandiko. Bibi yao, mzaa baba, hakuweza kutembea. Walimwacha kwenye godoro lake na mkate na mtungi wa maji, wakamwambia watamrudia kesho na punda. Jirani ndiye aliyetoka nyumbani mwisho. Mama yake, ambaye alikwisha kufika njiani, aligeuka akampigia kelele neno moja tu.

Kwa Kiarabu chao sukari ni *sukkar*. Na ukimwambia mtu afunge, unasema *sakkir*. Yeye alisikia *sakkir*. Aliuvuta ule mlango mzito, komeo likaanguka lenyewe, akakimbia kumfuata mama yake.

Hawakurudi, kwa sababu hawakuruhusiwa kurudi. Nyumba zililipuliwa moja baada ya nyingine, na baadaye ikapandwa misonobari juu yake. Habari za bibi hakuna aliyewaletea.

Dada yake alishikilia kwamba mama aliita *sukkar*. Kopo la sukari lilikuwa limebaki kwenye rafu, na mama alilililia njia nzima, na kambini pia, miaka. Sasa pima mwenyewe. Kama ni sukari, basi mtoto alimfungia bibi yake mlango ambao hakuna aliyemwomba aufunge, na yeyote aliyepita pale baadaye hakuona kwamba ndani kuna mtu. Kama ni funga, basi aliyeamuru ni mama yao, na mama yao na mkwewe walikuwa hawapatani, kijiji kizima kilijua. Jirani alikuwa ameshika hilo la pili, maana bila hilo asingeweza kuishi. Alichokuwa akikitafuta duniani, alituambia, ni kitu kimoja: dada yake akubali kwamba mama alisema *sakkir*.

Basi kesho yake nililirudisha mwenyewe lile tofali mlangoni, na mchana sikuliondoa tena. Nilinunua koti la baridi nikawa nasuka nalo.

Usidhani alikuwa mtu wa huzuni wakati wote. Alikuwa mkali, mchokozi, na mwenye maoni juu ya kila chungu kilichopikwa katika jengo letu. Fufu, ugali wetu wa muhogo, aliiita udongo mweupe, lakini sombe yangu, kisamvu cha kwetu, aliila hadi akalamba sahani, na siku nikichelewa kumpandishia alishuka kuuliza kama muhogo umekwisha Afrika yote. Farasi wa ule uwanja wa mbele aliwatukana kwa majina yao. Alisema mbio ni haramu, na kila zilipofanyika alisimama dirishani akipiga kelele kumsihi farasi mmoja aongeze mwendo. Nilipomuuliza, alisema hachezi kamari, anamhurumia tu yule wa nyuma.

Watu walijiuliza kwa nini anakaa nasi. Durban ina Waislamu wengi waliomheshimu na waliotaka kumpa chumba kizuri zaidi, na Waarabu wachache wenye maduka wangemchukua kama baba. Yeye alikwenda msikitini Ijumaa akarudi kwetu. Sababu aliniambia mwenyewe, na hadi leo naona ni sababu ya ajabu kuliko zote nilizowahi kusikia kwa mhamiaji.

Kijijini kwao walikuwa na namna yao ya kusema. Waarabu wengine wana herufi moja inayotoka kooni kabisa, na watu wa miji ya kwao huimeza isisikike. Wakulima wa kijijini kwake waliisema *k*, wazi, kama yetu. Shuleni kambini watoto wa mjini walimcheka kwa hiyo *k* hadi akakaa kimya mwaka mzima. Halafu akafika Lubumbashi, siku ya kwanza dukani, akamsikia mama mmoja wa sokoni akisema: "Letea mi ile sanduku." Sanduku. Ni neno la Kiarabu lenye herufi ile, na wa mjini kwao wangeimeza. Baadaye akasikia kahawa, akasikia wakati, karibu, kaburi, haki, yote kwa *k* ile ile ya bibi yake.

"Nikageuka," aliniambia, "nikafikiri mutu wa kwetu amekuya. Kumbe ni Mama wa mihogo."

"Na ukamwambia nini?"

"Ningemuambia nini? Nilimubebea sanduku mpaka kwake. Patron akanikata mushahara."

Kwa hiyo alikaa na Waswahili miaka yote hiyo, Lubumbashi na baadaye Durban, akitusikiliza. Sisi tulidhani anafuata umbea wa saluni. Mara nyingine wateja walipokuwa wakibishana habari za waume zao, niliona amefumba macho na midomo inatikisika kidogo, nikajua hayupo nasi, yuko kule na watu wake, na wote wanaongea kupitia vinywa vya wanawake wa Bukavu. Nilizima redio mara nyingi ili asikie vizuri.

Hiyo *k* ilikaribia kumuua mwaka 2011. Alianguka pale mlangoni, ameshika kifua, na kwa hofu Kiswahili chote kikamtoka. Hospitali alikuwa akirudia neno moja tu: *kalbi, kalbi*. Muuguzi alimwita kijana mmoja Mwarabu, muuza simu aliyejifunza Kiswahili kwa wateja wake wa kwetu, aliyekuwa amemleta mkewe kujifungua, amfasirie. Kijana alisikiliza kwa adabu, akamwambia muuguzi kwamba mzee analalamika mbwa wake anamuuma. Muuguzi akanitazama kama anayeuliza mzee huyu akili zake zilianza kupotea lini.

Mimi Kiarabu sijui. Lakini huyu nilikuwa nimemsikiliza miaka. Nikamwambia yule kijana: "Kaka, huyu anatia *k* fasi kwenu munameza. Mutilie ya kwenu, uone."

Alifikiri kidogo, akashika kichwa. Kwao *kalb* ni mbwa, na moyo wanautamka vingine. Mzee alikuwa anasema moyo wake. Walimkimbiza kwenye vipimo, na ilikuwa moyo kweli. Kijana yule alikuja saluni baadaye na tende, akaomba radhi mara nyingi hadi Jirani akamfukuza. Mzee aliniambia hakukasirika. Alisema ni kweli pia, kuna mbwa anayemuuma, tangu akiwa na miaka sita.

Watu wa msikitini walipoandamana mjini kwa ajili ya Gaza walikuja kumchukua, na walimtaka mbele. Walikuwa wametengeneza mabango yenye majina ya vijiji vilivyofutwa, kila mtu akabeba kimoja, na yeye wakampa cha kwao. Alikiangalia, akakirudisha. Kilikuwa kimeandikwa kwa herufi Q.

"Hiki sikijui," aliwaambia. "Kijiji yetu haina hii kintu."

Walimweleza kwamba ndivyo vitabu vyote vinavyoandika. Alisema basi vitabu vimekosea mtu wa kuuliza. Alikwenda maandamano yote bila bango, mikono mitupu, na nilimcheka hadi machozi, halafu jioni nikaona amekaa peke yake hali sombe. Ndiyo maana jina lile silitaji hapa. Nikiliandika kama vitabu atanikasirikia, nikiliandika kama yeye hamtalipata kwenye ramani.

Wanafunzi wa chuo kikuu kule Glenwood nao walimwalika aongee ukumbini. Nilimsindikiza. Walitaka historia, naye akaitoa vizuri: askari, risasi kutoka juu, njia waliyopita, kambi. Wengine walikuwa wanalia. Halafu akaendelea. Akasimulia mzee mmoja aliyekuwa mwongo kuliko wote, na jogoo wa jirani aliyewika saa mbaya hadi pakaitishwa kikao, na mama yake na bibi yake walivyogombana juu ya chumvi kwenye dengu. Msichana mmoja mbele aliinua mkono akamuuliza kama haoni kwamba mambo hayo yanapunguza uzito wa yaliyotokea.

"Batu banalia juu ya kijiji," alinong'ona kwangu, akiwa amesahau kipaza sauti mbele yake, "lakini batu ya kijiji habataki kubasikia."

Hakuna aliyemwelewa ila mimi, nami sikufasiri.

Kwa uongo alikuwa hana subira kabisa. Solange alipodanganya kwamba amesoma, hakumsemesha wiki nzima. Lakini kila Ijumaa yeye mwenyewe alimdanganya dada yake kutoka salamu hadi kwaheri. Dada alikuwa Syria, kwenye kambi moja ya Damasko, na walipigiana simu adhuhuri, baada ya sala. Kwa kuwa sikio lake moja lilikuwa limekufa, alitia spika, na saluni yote ikasikiliza, naye baadaye akitufasiria. Alimwambia dada anakaa nyumba ya bustani karibu na bahari. Alimwambia ana mke. Siku moja alinipa ishara nicheke kwa sauti, ili dada asikie mke anavyofurahi, nami nikacheka kama mjinga na kitana mdomoni.

Mwisho wa kila simu walifika palepale. *Sukkar*, alisema dada. *Sakkir*, alisema yeye. *Sukkar! Sakkir!* Sauti zikapanda, wateja wakaacha kusoma magazeti. Mwanamke mmoja wa Bujumbura aliyekuwa na kijiduka alidhani mzee ni mfanyabiashara wa sukari, akamsubiri nje amuulize bei ya gunia. Sikujua nicheke au nilie. Jirani alimjibu kwa heshima kwamba mzigo wake ulibaki zamani njiani.

Vita vilipoanza Syria, dada naye akaanza kudanganya. Nyuma ya sauti yake kulikuwa na vishindo, na Jirani akiuliza ni nini, dada alisema mvua. Mvua, Ijumaa baada ya Ijumaa, hata kiangazi. Jirani alisema ni vizuri, mashamba yanataka mvua. Alikata simu, akabaki ameishika, na mimi nilisuka bila kuinua macho kwa sababu sikuweza kumtazama.

Kisha simu hazikupita tena. Mwaka mzima na zaidi, kila Ijumaa adhuhuri aliketi kwenye kiti chake akapiga, akasikiliza, akapiga tena. Hakuzungumzia kifo. Alisema tu, siku moja, kwamba akifa yule, hakuna mtu tena duniani wa kumwambia neno lilikuwa lipi. Nilimwambia Mungu anajua. Alinijibu kwamba Mungu hajawahi kumwambia.

Ilikuwa 2014, karibu na mwisho wa mwaka, na nilikuwa katikati ya kichwa cha mteja, nusu kimesukwa na nusu kimesimama. Jirani aliteremka ngazi upesi kuliko alivyoruhusiwa na daktari, simu mbele yake, spika imewashwa. Dada alikuwa amevushwa Lebanoni. Mjukuu alimshikia simu. Sauti ilikuwa nyembamba sana, na kati ya neno na neno kulikuwa na pumzi ndefu.

Waliongea kidogo. Sikusikia habari za bustani wala za mke. Halafu dada alisema jambo taratibu, na mwishoni mwake nikalisikia neno.

*Sakkir.*

Niliacha kusuka. Nilidhani nimekosea kusikia. Lakini akalirudia, wazi kabisa: *sakkir*. Nilimtazama Jirani nikataka kumkumbatia, maana hicho ndicho alichokuwa akikidai tangu utotoni, kimekuja, tena kwa kinywa cha shahidi wa mwisho.

Uso wake ulikuwa umekuwa mweupe.

"*La*," alisema. Hiyo hata sisi tunaijua. "*La. Sukkar.*"

Dada akasema *sakkir*, sasa akilia. Jirani akasema *sukkar*. Wakaendelea hivyo, kila mmoja ameshika neno ambalo mwenzake alilishika miaka yote, hadi dada akaishiwa pumzi na spika ikanyamaza. Jirani aliweka simu juu ya goti.

"Papa," nilimwambia, na nilikuwa na hasira, sijui kwa nini, "si njo hii ulikuwa unataka? Amekubali. Juu ya nini unakataa?"

"Anasema vile anipumzishe, anajua anakufa," alisema. "Siku zote nilitaka tu aseme. Sasa amesema, na nikaona uso ya mama."

"Na kama ni kweli?"

Mteja wangu, ambaye hakujua lolote katika haya, alikuwa ameshika mkono wangu.

"Mama Solange, mi nilikuwa mutoto ya miaka sita. Mutoto anaweza kusamehewa. Mama yangu, kama ni yeye, nani atamusamehe? Batu yote ya kumusamehe bamekufa." Alijipangusa uso kwa kiganja. "Acha ikuwe mimi. Nilifunga mimi."

Tukadhani simu imekatika. Kumbe dada alikuwa bado yuko pale, juu ya goti lake, amesikia mdogo wake akisema kwa lugha asiyoijua, na bila shaka aliitambua sauti. Ilitoka sauti ndogo, imechoka, ya mtu mkubwa anayemkubalia mtoto ili alale.

"*Tayyib*," ilisema. "*Sukkar.*"

Jirani akainama juu ya simu akamshukuru, akamshukuru tena, na alipoinua kichwa alikuwa mzee kuliko nilivyowahi kumwona.